Mpiga Gitaa Anayetazama Viatu

Mpiga gitaa wa bendi ya roki hatazami nyuzi. Hutazama kiatu cha mwimbaji. Alikulia kwenye kwaya ya mwalimu aliyeongoza kwa kisigino, na bendi tatu za harusi hazikumponya ugonjwa huo: kisigino kikigonga sakafu, yeye huingia na solo. Kucha za mkono wa kulia kazifuga kama bibi harusi, za kushoto kazikata mpaka nyama, na kabla ya kupiga hulilaza gitaa shavuni, utadhani linampa umbea.

Juzi studioni mwimbaji alimwonya, "Ukikosea leo, kaka, tunatafuta mwingine." Ubeti wa kwanza ulipokwisha, misuli ya mguu ikambana mwimbaji, akakanyaga sakafu kwa kishindo. Gitaa likalipuka, ngoma na besi zikalifuata mbio, na ubeti wa pili ukapitwa hivihivi, mwimbaji kaachama.

"Nani kaua ubeti wangu?"

"Mguu wako," mpiga gitaa akajibu.

Fundi mitambo akairudia rekodi mara mbili, kisha akasema hapo ndipo wimbo umekuwa wimbo.

"Pole, kaka," mpiga gitaa akamwambia. "Huo ubeti una ndugu zake? Walete, tuwamalize leo leo."