Maji Aliyomnyima Dada Yake: Yotham na Mimea ya Mvi ya Gulwe

Saa moja asubuhi. Kando ya stesheni ya Gulwe, Yotham Masima amechuchumaa, kidole chake cha shahada kimezama udongoni hadi pingili ya pili. Anakichomoa, anakitazama. Kikavu.

"Vizuri," anasema, na ndoo anaiacha palepale ilipo.

Mbele yake kuna safu mbili za mimea mifupi, haifiki magotini. Majani yake ni meupe, yamechongeka pembezoni kama manyoya ya kuku. Ukiyagusa ni laini, yana malaika kama shavu la mtoto mchanga. Jua likiyapiga, yanang'aa kama fedha. Mmea huo una jina la Kizungu ambalo Yotham anasema lilimshinda kulitamka. Watu wa stesheni wanauita mvi.

Abiria wakishuka kunyoosha miguu humuuliza kama unaliwa. "Nawaambia hauliwi, wala si dawa. Ni wa kutazamwa tu," anasema. "Wananicheka. Wana haki ya kucheka."

Yotham ni Mgogo, mzaliwa wa hapahapa, mwenye umri wa miaka thelathini na mitano hivi. Kusoma alijifunza kwa wamisionari wa Mpwapwa. Reli ilipofika alibeba kokoto, na stesheni ilipokwisha kujengwa, mke wa mkuu wa stesheni, Mdachi wa Ujerumani, alimchagua kutunza bustani yake. Mbegu za mvi bibi huyo alikuja nazo kutoka kwao, zimefungwa katika karatasi.

Ikaota miche sitini. Mwaka jana, mwezi wa sita, bibi aliugua akapelekwa pwani kutibiwa. Kabla ya kupanda gari la moshi alimwita Yotham, akamwambia maneno mengi kwa haraka. Kiswahili chake kilikuwa kidogo.

"Nilisikia neno maji," Yotham anakumbuka. "Neno lililofuata sikulishika, na niliona haya kumuuliza tena. Mumewe akaniambia, ikifa hii, nawe utafute kazi nyingine. Basi nikajua kazi yangu ni kumwagilia."

Mvua za mwaka ule zilikuwa zimekatika mapema. Uwele ulikauka kabla ya kutoa masuke. Watu walichimba mchangani katika mto Kinyasungwi, kina cha watu wawili, wakapata maji ya kujaza kibuyu. Stesheni peke yake ndiyo iliyokuwa na tangi, maji ya gari la moshi. Kila asubuhi na kila jioni Yotham alichota humo ndoo nne, akaimiminia mimea.

Asubuhi moja ya mwezi wa tisa alikuja dada yake, Lydia.

Ili msomaji aelewe, Lydia si dada tu. Mama yao alifariki Yotham akiwa bado ananyonya. Lydia, wakati huo msichana wa miaka kumi na miwili, alimlea kwa maziwa ya ng'ombe mmoja wa baba yao. Mjukuu wa ng'ombe huyo ndiye aliyebaki kwa Lydia baada ya mifugo mingine kufa. Alikuwa na ndama, na siku hiyo alikuwa ameanguka, hawezi kusimama.

"Alinisalimu vizuri kwa Kigogo, mbukwa, akauliza habari za watoto," Yotham anasimulia. "Kisha akasema, 'Ndugu yangu, nipe ndoo moja tu. Akinywa atainuka.' Ndoo ilikuwa mkononi mwangu, imejaa."

Alimjibu nini?

Yotham anang'oa gugu lililoota kati ya mawe.

"Nikamwambia, 'Dada, maji haya si yangu.' Nikayamwaga hapa, mbele ya macho yake."

Lydia hakugombana naye. Alisema, "Haya. Nyweshea majani yako," akageuka akaenda zake. Ng'ombe alikufa siku ya tatu, na ndama akafuata.

Majuma mawili hayajapita, mimea nayo ikaanza kulegea. Yotham akadhani ni kiu, akaongeza maji. Majani ya chini yakawa meusi, na shina ukiligusa linang'oka, mizizi imeoza. Miche arobaini na minane ilikufa. Iliyobaki hai ni kumi na miwili ya pembeni, kwenye kokoto, mahali ambapo ndoo yake ilikuwa haifiki.

Bibi aliporudi alitazama, akachota udongo, akaelewa. Safari hii alikuwa na mpishi wa kumtafsiria. Mmea huu, alisema, unapenda jua na mawe. Malaika yale meupe ndiyo yanayoulinda na ukali wa jua. Maji mengi huuua.

"Hakunigombeza. Alicheka, akanipigapiga begani," Yotham anasema. "Ningependa angenigombeza."

Leo mimea imekuwa themanini, yote imetokana na ile kumi na miwili. Yotham hukata tawi lenye urefu wa kidole, akapukuta majani ya chini, akalichomeka kwenye mchanga uliochanganywa na kokoto za reli. Siku kumi za kwanza hulifunika kwa nyasi. Maua yakichomoza huyakata, ili nguvu ibaki kwenye majani. Maji huyatia kwa kikombe, mara moja kwa juma. Mkuu wa stesheni humwonyesha kila mgeni bustani hiyo.

Je, mkuu wa stesheni angejua kama ndoo moja imepungua?

"Asingejua. Hakuna aliyekuwa akizihesabu," anajibu upesi, kama mtu aliyekwisha kujiuliza swali hilo mara nyingi. "Wengine wananitetea, wanasema niliogopa kufukuzwa. Niliogopa, ndiyo. Lakini pia nilitaka kuonekana mwaminifu. Huo uaminifu ulikuwa kwa nani?"

Lydia alihamia Mlali, kwa ndugu za marehemu mumewe. Mara mbili Yotham alimtuma Batuli, mama wa Kirangi anayeuza chumvi huko, ampelekee salamu. Mara zote mbili jibu lilikuwa, "Mwambie sijambo." Hakuna zaidi.

Sasa Yotham ana mtamba mwekundu, aliyempata kwa kuchunga ng'ombe wa jirani kila alipotoka kazini, mwaka mzima. Ameomba ruhusa ya siku sita. Wiki ijayo atamswaga kwa miguu hadi Mlali, mwendo wa siku mbili au tatu, akimpumzisha njiani.

"Akimkataa, nitamfunga uani kwake nirudi," anasema. "Sitamweleza habari za mkuu wa stesheni wala za bibi. Nitasema, 'Dada, nimekosa,' kisha ninyamaze. Akitaka kusema, nimsikilize hadi amalize."

Namuuliza kama atambebea pia mche mmoja wa mvi, akaone ulivyo mzuri sasa.

Yotham anainuka, anajipangusa mchanga magotini.

"Hapana," anasema. "Huo alikwisha kuuona."