Siku Tuliyozika Yago

Siku ile tuliyozika yago naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, mjukuu wangu Akinyi. Sijawahi kukusimulia, kwa sababu katika hadithi hiyo mimi si mtu mzuri. Lakini nimesikia unavyowaambia watu huko Kibuye, kwenye kibanda chako cha nguo. Kwamba mama yako atatoka hospitali ya Kombewa akitembea kwa miguu yake, kwamba Mungu amekuahidi, na kwamba hutakuja kumwona amelala pale, kwa maana ukija utakuwa umeukubali ugonjwa. Wiki ya tatu sasa. Basi keti usome. Shule niliacha darasa la nne na mwandiko wangu unaujua, usinicheke.

Nilikuwa na umri kama wako. Nilikuwa nimeolewa Usenge, na kwa sababu nilitoka Seme kila mtu aliniita Nyar Seme. Babu yako alikuwa mvuvi wa omena, wale dagaa wa ziwani. Asubuhi moja boti yao ilirudi ikivutwa na boti nyingine, na wanaume walioshuka walikuwa watatu. Waliondoka wanne.

Kule ufuoni, ziwa likichukua mtu, hakuna anayevua mpaka apatikane. Boti zinatoka kumtafuta yeye tu. Mara nyingi mwili huelea siku ya tatu. Wake haukuelea.

Mimi nilikuwa mwimbaji wa kwaya, sauti ya kwanza, na kiburi nilikuwa nacho, wewe hukukitoa mbali. Nikafunga kula. Nikamwambia Mungu anipe mwili wake tu, nimzike nyumbani kwake, sitaomba kitu kingine. Kisha nikasimama mbele ya wanawake wa omena nikatangaza kwamba Jumapili Mungu atamleta. Nani aliniambia? Hakuna. Nilitaka iwe hivyo, nikaweka jina la Mungu juu yake.

Jumapili ikapita, na Jumatatu. Nyavu za kuanikia omena zilikuwa tupu, kuku wanatembea juu yake. Watoto wa majirani walikunywa uji, halafu uji mwepesi, halafu maji yaliyopita karibu na unga. Shemeji yangu, mtu wa mdomo, akaniuliza mbele za watu kama huyo Mungu wangu amepotea njia au anangoja upepo. Watu wakacheka kidogo, wakaacha.

Siku ya tisa wazee wakaja na yago. Wewe ni mtoto wa mjini, labda hujaliona. Ni tunda la porini, refu, la kijivu, zito kama mguu wa mtu. Mtu asipopatikana, tunda hilo huzikwa mahali pake, ili nyumba ipate kaburi na boti zirudi kazini. Nikasimama mlangoni nikakataa. Nikawaambia wakizika tunda wanamwita Mungu mwongo. Wakaliweka chini ukutani, wakaenda. Hakuna boti iliyotoka kuvua siku hiyo pia, kwa ajili yangu.

Mama mkwe wangu alikuwa amenyamaza siku zote tisa. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, na babu yako alikuwa kitinda mimba wake. Alikuja na kibuyu cha maji, akaketi chini kando ya lile tunda, miguu mbele, akanitazama mpaka nikaona haya.

"Nyar Seme," akasema, "nani alikwambia Mungu ni kijakazi wako, umtume ziwani akuletee maiti?"

Nikamwambia mimi nina imani.

"Hiyo si imani. Hiyo ni kumshika Mungu shati na kumtikisa. Wewe umekaa na huyu miaka sita. Mimi nilimzaa. Unafikiri mimi sijaomba? Nimeomba mpaka magoti yamechubuka. Amekataa. Na mimi kesho nitaomba tena, kwa sababu sina kwingine pa kulilia."

Nikamuuliza atajuaje kama anasikilizwa.

"Sijui," akasema. "Yesu mwenyewe alilia msalabani na siku ile hakuna aliyemjibu. Lakini hakushuka akaenda zake. Sasa inuka. Watoto wa watu wana njaa, na wewe umeziba njia."

Kisha akalia, yule mama. Siku tisa hakuwa amelia, kwa maana mimi nilikuwa nimekataza watu kulia, nikisema ni kukosa imani. Nilimnyima mama machozi ya mtoto wake. Mwanangu, katika yote niliyofanya duniani, hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Nililibeba yago mwenyewe. Tulilivisha shati lake la kanisani, na lilinilalia mkononi zito hivyo hivyo kama mtu. Mchungaji alisali, akasema Mungu hahitaji kuonyeshwa mwili ili amjue mtu wake. Jioni boti zikatoka. Asubuhi nyavu zilikuwa zinang'aa omena, na jirani akaniletea karai la kwanza. Sikuweza kula. Mwaka mzima sikula omena. Kanisani nilikaa nyuma, mdomo nimefunga, nikaufungua kwenye Amina tu. Lakini nilikwenda kila Jumapili. Siku moja nikajikuta naimba, na sijui ilianza lini.

Mwili haujapatikana mpaka leo. Mungu hajanieleza, na mimi nimezeeka bila maelezo, lakini hakuniacha. Nimelea watoto wanne peke yangu, na sikuwahi kulala bila mtu wa kuongea naye.

Sasa sikia. Omba mama yako apone. Mimi pia naomba, hata saa hii ninapoandika. Lakini usimwekee Mungu siku, na usimfiche mama yako nyuma ya imani yako. Daktari ameniambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Jana mama yako aliniuliza kama umemkasirikia. Nikamwambia hapana, anaogopa. Akasema, "Mwambie hata mimi naogopa."

Funga kibanda, uje Jumamosi. Leta mafuta yale ya mgando, ngozi yake imekauka, umpake miguu. Ukitaka kulia, lia mbele yake. Ukitaka kumlalamikia Mungu, mlalamikie hapo hapo, mkono wa mama yako ukiwa mkononi mwako. Atasikia. Usiniulize nimejuaje.

Wewe utampoteza mama au utampata, hatujui. Mimi nilimzaa. Na kesho nitaomba tena.

Mungu aliyenishika ufuoni akushike wewe barabarani unapokuja. Akupe machozi yasiyo na aibu na moyo usiokimbia. Na akukutanishe na mama yako angali macho. Amina.