Bia Tatu kwa Bei ya Mbili

Risper alihudumu miaka kumi na mmoja katika baa ya Boaz mjini Homa Bay, hadi miguu ilipoanza kuvimba, akaacha na kufungua kibanda cha kushona sare za shule. Hakuwa mlokole, wala hakuwa na neno na walevi. Kamati ya leseni za vileo ilipotafuta wakazi wa kukaa nayo, chifu alimtaja yeye. Alisema huyu mama anaijua baa kwa ndani.

Mwaka wa pili, faili ya Boaz ya kuomba leseni upya ikafika mezani. Majirani walilalamikia bango lake: kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa moja, bia tatu kwa bei ya mbili. Mwenyekiti akasoma masharti ya leseni, yaliyokataza kuwavutia wanywaji kwa bei ya namna hiyo.

Boaz alikuwa amevaa tai. "Watu hawanywi zaidi," akaeleza. "Wanawahi tu, kisha wanarudi kwao mapema."

Mwenyekiti akamgeukia Risper. "Mama, wewe ulikuwa huko. Ni kweli?"

Risper hakutaka kumtazama Boaz. Ndiye aliyemkimbiza hospitali kwa gari lake siku alipojifungua.

"Wanawahi, ndiyo," akasema. "Lakini zikibaki dakika tano, kila mtu anaagiza sita. Nilikuwa naongeza meza ndogo kando, chupa hazienei. Na zote lazima zinywewe, kwa sababu zimeshafunguliwa. Hatukuruhusiwa kupeleka chupa mezani ikiwa imefungwa."

"Nani aliwakataza?"

"Bosi."

Leseni ikapita, kwa sharti kwamba bango lishuke siku hiyo hiyo.

Huko nje Boaz akamwita kama zamani, kwa jina la kwao alikozaliwa, binti wa Lambwe. "Nyar Lambwe, si ungesema tu umesahau?"

"Sijasahau, mzee."

Bango lilishuka. Wiki mbili baadaye Boaz akaanza kugawa supu ya samaki bure kwa kila aliyeagiza bia kabla ya saa moja, na viti vikajaa tena. Jirani mmoja akaja kumuuliza Risper kama huo si ujanja ule ule. Risper akaipeleka hoja kwenye kamati. Walibishana asubuhi nzima kama supu ni chakula au ni chambo, mwishowe wakapiga kura. Risper alisema ni chambo. Waliosema ni chakula wakashinda kwa kura moja.