Nilivyomtupa Hamza

Siku yangu ya kwanza katika kikundi cha sanaa cha kiwanda chetu cha kamba, pale Tanga, nilimtupa mwanamume chini mara kumi na nne kabla ya chai ya saa nne. Nilikuwa msichana wa Pongwe, mnene wa mikono, niliyezoea kubeba mafurushi ya kamba kutoka mashineni hadi ghalani. Huko ghalani ndiko alikoniona mkuu wa kikundi, ambaye sote tulimwita Bwana Mkuu. Aliniuliza kama nawaogopa watu. Nikamjibu kuwa namwogopa mama yangu tu.

Niliyemtupa aliitwa Hamza, mzaliwa wa Pemba, mwembamba, mpole, mwenye mke na watoto wawili mtaani Ngamiani, hapo hapo mjini.

"Dada Mwanaidi, usinitupe," aliniambia asubuhi ile. "Utaumia kiuno bure. Mimi ndiye ninayeruka. Kazi yako ni kunificha, watu wasinione nikiruka."

Hiyo ndiyo siri ya mieleka ya jukwaani, na vijana wa leo wengi hawaijui. Anayetupwa hushika nyonga ya mwenzake, huhesabu kwa pumzi, kisha huruka. Akitua, hupiga godoro kwa mkono mzima ili kishindo kisikike mpaka nyuma na mshtuko uishie mkononi, usifike mgongoni. Huko sisi tulikuita kuiamkia ardhi. Hamza aliiamkia vizuri kuliko wote.

Mchezo wetu ulikuwa wa mke anayemtupa mume mlevi. Wanawake walikuwa wakisimama na kupiga vigelegele. Mama yangu hakuja hata mara moja. Alisema hakunizaa nivae suruali mbele ya wakwe zake.

Ilikuwa miaka ya foleni. Sukari foleni, sabuni foleni, mafuta ya lori la kiwanda kwa kibali. Hata hivyo tulizunguka Muheza, Pangani na vijiji vya pwani, maana wakubwa walisema watu waliochoka wanahitaji kucheka. Ndivyo tulivyofika Mkwaja. Godoro letu la makumbi ya nazi lilikuwa limekwisha kuoza na la kununua halikupatikana, kwa hiyo tukatandika mikeka miwili juu ya ardhi iliyoshindiliwa.

"Leo chini ni pagumu," Bwana Mkuu alituonya. "Mwanaidi, mzungushe mara moja tu, umweke."

Nilimzungusha mara moja. Uwanja ukalipuka kwa makofi. Nikamzungusha tena.

Hamza alikuwa amekwisha kuhesabu pumzi ya mzunguko mmoja. Alitua kwa bega, na sauti ya mfupa ule niliisikia mimi peke yangu, kwa sababu watu walikuwa wakicheka. Nikapiga kelele, "Msicheke! Ameumia!" Wakacheka zaidi. Kadiri nilivyopaza sauti, ndivyo walivyoshika mbavu.

"Mwanaidi!" Bwana Mkuu aliniita kutoka pembeni. "Hiyo ni sauti ya mieleka. Ishushe!"

Nikaketi chini kando ya Hamza. Nikawatazama kina mama wa mbele, nikasema kama ninayezungumza jikoni, "Mama zangu, naomba kitambaa nimfunge mkono. Huyu ana watoto."

Uwanja mzima ukanyamaza. Bibi mmoja akainuka, akavua kanga yake ya kichwani, akaniletea.

Tulipokuwa ndani ya lori kuelekea hospitali, Bwana Mkuu aliniuliza, "Tulikubaliana mara moja. Imekuwaje?"

"Mkeka uliteleza," nikasema.

Hamza alikuwa ameuma meno, macho kwenye turubai.

Mfupa uliunga, lakini mkono wake haukupanda tena juu ya kifua. Mimi nikakataa kumtupa mtu mwingine yeyote. Bwana Mkuu hakunigombeza. "Basi utasema," aliniambia. "Kule Mkwaja ulisema, na watu wakasikia." Akamfanya Hamza kuwa mwalimu wangu. Hamza alikuwa akikaa mwisho kabisa wa bwalo la kiwanda, amefumba macho, nami nikisema maneno yangu kutoka upande wa pili. "Nimekusikia, dada," alikuwa akinijibu, "lakini sijakuamini. Rudia."

Niliigiza mawifi, wake wenza, mama wakwe. Siku nilipoigiza mama aliyefiwa, mama yangu mzazi alikuja, akakaa mbele na majirani zake. Baadaye akaniambia, "Umelia vizuri, lakini msibani hatukai hivyo." Akaketi sakafuni kunionyesha.

Kisha biashara zikafunguliwa. Mitumba ikajaa Ngamiani, kamba za plastiki zikaingia, na kiwanda kikapata mwenyewe mwingine ambaye hakuhitaji wasanii. Bwana Mkuu alitusomea barua, akaikunja. "Ngoma ni mali ya kiwanda," alisema. "Sauti zenu chukueni." Tukahangaika kwenye kumbi za kukodi, mpaka zikaja filamu za video, nami nikawa mama wa kila kijana mwenye kamera. Nilifanya kazi hiyo hadi magoti yalipokataa.

Sasa nimepumzika. Wasanii vijana huja kuniamkia na kuniuliza nilisomea wapi. Huwaambia nilisomea kwa Hamza, na kwa muda mrefu nilikuwa nikiishia hapo, bila kuwaambia habari ya mkeka.

Mwaka wa kwanza wa kustaafu nilikwenda kwake Ngamiani. Mkewe alikuwa amekwenda sokoni. Tukakaa barazani na birika la kahawa.

"Kaka Hamza," nikasema, "ule mkeka haukuteleza. Nilikuzungusha mara ya pili kwa ajili ya makofi."

"Najua. Kwani nani alikuwa juu?"

"Mbona hukusema miaka yote hii?"

"Ungeacha kazi. Mimi nibaki na bega bovu na kikundi kibovu?"

Nikalia, na safari hii hakuniambia nirudie. Akanimiminia kahawa kwa mkono wake mzima, akanisogezea kikombe.

"Na tena, dada," alisema, "makofi yale hata mimi niliyasikia. Yalikuwa matamu."