Farasi Saba wa Baba

Nilipofika Mpui msimu huu wa mavuno, nilikuta fremu ya helikopta ya baba imeegemezwa ukutani, mama kaanika mahindi juu yake. Nilishika bomba lenye kutu nikacheka peke yangu. Wewe hukuwapo, ngoja nikusimulie.

Baba alikuwa fundi wa mashine za kusaga. Aliiunda helikopta ile kwa mabomba ya chuma na mapanga ya mbao, na injini ingekuwa ya pikipiki yake. Alitaka kuirusha Jumapili baada ya misa. Mimi, wa darasa la saba, niliogopa kwamba angeanguka afe. Nilipomwambia, alinipa daftari. "Basi piga hesabu."

Mwalimu alitufundisha kwamba nguvu ya farasi mmoja ni kunyanyua kilo sabini na tano, mita moja, kwa sekunde moja. Kwa hiyo baba angepanda kilima cha nyuma ya kanisa kwa pikipiki ile, na gunia la mahindi nyuma, jumla yote kilo mia tatu. Kimo cha kilima tulikipima kwa mpira wa maji wa waashi, ule wa kusawazishia kuta: mita arobaini na mbili. Saa pekee ilikuwa imepigiliwa ukutani mwa darasa, lakini bibi alipima kila kitu kwa sala, hata mayai ya kuchemsha. Nilimpeleka mbele ya saa ile. Salamu Maria yake moja ilikuwa sekunde kumi na mbili, haizidi haipungui.

Baba alipoanza kupanda, akirushwarushwa na mawe, bibi alisali kama anayefukuzwa. Baba alifika juu kwa Salamu Maria tano. Daftari likasema hata farasi watatu hawafiki, baba akanuna.

"Bibi, shikamoo," nikamwambia, "sasa sali kama uko na mayai yako."

Mara ya pili zilikuwa mbili. Farasi saba kamili. Helikopta na baba ndani yake, kwa kanuni ya mwalimu na urefu wa yale mapanga, walihitaji arobaini. Nilirudia hesabu mara tatu, nikatamani nimekosea.

Jumapili watu walijaa uwanjani. Baba alikuwa ameshavaa helmeti nilipompa daftari.

"Una uhakika, mwanangu?"

"Ndiyo, baba."

Alivua helmeti, akanivika mimi. "Leo hairuki," akawatangazia. "Injinia wangu amekataa." Mmoja akacheka. Baba akamnyooshea daftari aje aonyeshe kosa, naye hakuja. Sijawahi kujiona mrefu kama siku ile.

Bibi hayupo tena, na kilima kimechongwa kupitisha lami. Baba tulimzika akiwa bado anatafuta farasi thelathini na watatu. Nilipopanda ndege mara ya kwanza, ilipoanza kukimbia nilianza Salamu Maria, polepole, ile ya mayai. Ya tatu sikuimaliza. Tulikuwa hewani, nami nikalia, maana kiti kile kilikuwa cha baba.