Maputo Kumi na Mawili ya Mwalimu Mkuu

Nilitaka yapasuke mbele za watu. Nalisema hili mwanzoni ili msomaji asije akanihurumia baadaye.

Miaka ya sabini nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi nje kidogo ya Kasulu, kijana wa Kibondo mwenye baiskeli na kidato cha nne. Mwalimu mkuu wetu alitoka mkoa wa mbali. Siku moja, mbele ya wazazi, nilimwamkia mgeni kutoka wilayani "Mwakeye", kama tunavyoamkiana nyumbani kwa Kiha. Mwalimu mkuu akairudia akibana pua, watu wakacheka, na tangu hapo akaniita Mwalimu Mwakeye hata darasani. Wanafunzi nao wakaiga. Hasira ile nilikaa nayo miezi minane, nikiilisha kila siku.

Mkewe alipotaka maputo ya sherehe ya ubatizo wa mtoto wao, madukani hayakuwepo. Akanijia mimi, kwa kuwa nilijulikana kwa ufundi mdogo mdogo. Niliomba zahanati mifuko mitupu ya maziwa ya unga, ile inayong'aa kama fedha kwa nje na yenye nailoni kwa ndani. Nikaiosha, nikaikausha. Kingo niliziunganisha kwa pasi ya mkaa juu ya gazeti. Nailoni ikiyeyuka kidogo hushikana. Kona moja niliiacha wazi, nikapenyeza kipande cha mpira wa vali, nikajaza upepo kwa pampu ya baiskeli, kisha nikauchomoa mpira na kupitisha pasi haraka.

Mwenye baiskeli wa huku kwetu milimani anajua kuwa gurudumu lililojazwa sana asubuhi ya baridi haliachwi juani. Maputo nayo yalihitaji nafasi ya kutanuka. Sikuyaachia. Niliyajaza alfajiri, ukungu ukiwa bado umetanda, hadi kila moja likalia kama ngoma nilipoligonga, na kingo nikazipiga pasi mara mbili upepo usije ukatoka polepole. Nilitaka mshindo. Nilitaka mchuzi umwagikie suti yake ya kijivu.

"Mwalimu Mwakeye, pampu haijakuchosha?" aliniuliza nilipokuwa nikiyafunga kwenye kamba uani.

"Bado ina pumzi, Mkuu. Wewe subiri tu."

Nyumbani kwake alikuwapo mama mmoja aliyemsaidia mkewe kulea. Alikimbia vita Burundi, akavuka kwa upande wa Manyovu na mtoto mgongoni. Nilipougua malaria ndiye aliyeniletea uji. Nilimjua vizuri. Sikumfikiria.

Puto la kwanza lilipasuka saa saba mchana, watu wakiwa wanakula. Likafuata la pili na la tatu. Sahani ya mwalimu mkuu ikampindukia mapajani, nami nikainamisha uso nisionekane nikicheka.

"Mwihute! Mwihute!" Ni yule mama, akituhimiza kwa Kirundi tufanye haraka. Mtoto aliyebatizwa alikuwa mikononi mwake. Akatokomea naye migombani, huku nyuma mengine mawili yakilia. Mama wa mtoto akapiga yowe.

Tulimkuta mferejini, amemfunika mtoto kwa mwili wake, hataki kutoka. Mwalimu mkuu alimbembeleza kwa Kiswahili chake kizuri, wapi.

"Mwambie wewe, Mwalimu," akanigeukia. "Wewe anakuelewa."

Nikamwambia kwa Kiha, kinachokaribiana na Kirundi chake, kwamba ni mifuko ya maziwa tu, nimeitengeneza mwenyewe.

"Ilikuwa mingapi?" akauliza.

"Kumi na miwili."

"Nimesikia mitano. Saba iko wapi?"

Nilirudi uani nikaifungua kwenye kamba, nikaibeba yote saba hadi mferejini alipokuwa, kivulini mwa migomba. Nikaikata kona kwa wembe, mmoja mmoja, ikitoa upepo taratibu, naye akihesabu kwa vidole. Hata pale, wembe mkononi, nililitafuta doa la mchuzi kwenye suti ya kijivu. Nikaliona, na nikafurahi. Kwenye mfuko wa saba aliinuka, akamkabidhi mtoto kwa mama yake, akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili na kunishukuru.

Mwalimu mkuu alinifuta tope begani. "Usijilaumu, Mwalimu. Ni jua hili. Usingeweza kujua."

"Ndiyo, Mkuu," nikasema. "Ni jua."

Hakuniita Mwakeye tena mpaka alipohamishwa. Na yule mama, kila nilipougua, aliendelea kuniletea uji, nami nikaunywa.