Mawe Meupe ya Mama Aoko

Kila mwaka, wiki moja kabla ya Siku ya Wanafunzi wa Zamani, Mama Aoko hukoroga chokaa kwenye debe na kuyapaka mawe yote yanayozunguka uwanja wa Sekondari ya Reli Tano. Miaka ishirini na minane amezitunza nyasi zile za kubahatisha. Ukitaka kugombana naye, kanyaga uwanja kwa viatu vya visigino. Walimu wakuu sita wamekuja na kuondoka, wote wakimwacha palepale na reki yake.

Mwaka huu Austine alimkuta akipaka. Huyu alikuwa golikipa wa timu iliyofika fainali za mkoa, mtoto wa mtaa wa Komarock ambaye Aoko alimshonea glavu kwa uzi wa gunia. Sasa ndiye mwenyekiti wa chama cha wanafunzi wa zamani. Alifuatana na mwanamume aliyebeba chombo cha kupimia ardhi, ambaye hakumsalimia mtu. Hilo Aoko halikumpendeza, ila furaha ya kumwona Austine ilimziba macho.

"Sasa mathe. Bado uko fiti?"

"Niko, mwanangu. Ni Mungu tu."

"Tunataka kuwajengea jukwaa. Hebu nionyeshe field inaishia wapi." Akainua simu, akaanza kurekodi. "Wewe ndio unajua hii place kutushinda sisi wote."

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Aoko alijifuta mikono kwenye leso, akasimama wima, akaonyesha mawe meupe ya upande wa mto. Mwenye chombo akaandika bila kuinua kichwa.

Jumatatu mabati ya uzio yakawa yamesimama. Yalianzia kwenye mawe yale hadi mtoni, hatua arobaini kwa urefu wote wa uwanja, yakameza na bustani ya klabu ya kilimo, mahindi yakiwa yameanza kutoa mbelewele. Madam Nzilani, mwalimu mkuu, alishinda kwenye simu asubuhi nzima. Shule haikuwa na hati ya ardhi, na kila ofisi ilimtuma kwa nyingine.

Mwaka wa mafuriko, miaka saba iliyopita, Aoko mwenyewe aliyabingirisha mawe yale kuelekea ndani ya uwanja ili watoto wasiteleze kwenye tope. Hakumwambia mtu, maana nani angeuliza habari za mawe? Lakini enzi za Austine mawe yalikuwa ukingoni kabisa mwa mto, na kijana yule aliyaruka kila siku akifuata mipira majini. Alijua. Aliuliza huku akijua.

"Madam," alisema, "mawe niliyasogeza mimi. Mpaka wa kweli ni jiwe la serikali, saruji yenye chuma katikati, kule kwenye mianzi." Habari ya Austine kumrekodi kwa simu hakuisema. Aliona haya.

Walipita pembeni mwa mabati, wawili tu, Aoko mbele na panga lake. Kwenye mianzi walikuta shimo, jiwe halipo. Udongo ulikuwa bado mbichi, na alama za sururu zilionekana wazi ukutani mwake. Madam Nzilani alichungulia ndani. Aoko aliogopa, na hakuwa mtu wa kuogopa.

Jumamosi wanafunzi wa zamani walijaa uwanjani na jezi zao za kubana vitambi. Aoko aliketishwa mbele, kando ya Madam, akavishwa leso mpya. Austine alishika kipaza sauti.

"Nimesikia watu wanasema tumekula shamba la shule," alisema kwa upole. "Mimi sina maneno. Msikilizeni mama aliyetulea."

Kwenye skrini kubwa akatokea Aoko, mikono bado myeupe kwa chokaa, akitabasamu. Madam Nzilani aligeuka polepole kumtazama. Sauti ikatoka kwenye spika, ya mtu mwenye furaha:

"Ni hapa, mwanangu. Hapa ndipo tunapoishia."

Na wanafunzi wa zamani, waliompenda kwa dhati, wakasimama wote kumpigia makofi.